Uhakiki wa Neno "Mchango": Jinsi Wazo la Dharura Linavyogeuka Kuwa Akili ya Kawaida

1. Utangulizi

Makala haya yanafuatilia safari ya wazo moja. Wazo lenyewe ni kwamba mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali ni mzigo wa mzazi. Mnamo mwaka 1980, mtu aliyesema hivyo hadharani katika Zaire angalionekana amepotoka. Wazazi walikuwa wakilipa karo na kununua madaftari, lakini mshahara wa mwalimu ulikuwa wajibu wa serikali iliyomwajiri, hata pale ulipochelewa. Miaka ishirini baadaye wazo hilohilo lilikuwa halihitaji mtetezi. Mtoto ambaye hakulipiwa alirudishwa nyumbani, na majirani hawakuuliza ni kwa sheria gani. Waliuliza tu baba yake amekwama wapi.

Wataalamu wa siasa hueleza mabadiliko ya namna hii kwa nguvu za vyama, za fedha na za vyombo vya habari. Sisi tunakusudia kuyatazama kwa upande wa lugha. Antonio Gramsci, aliyeandika daftari zake akiwa mfungwa nchini Italia kati ya mwaka 1929 na 1935, alitumia istilahi ambayo twaweza kuifasiri kuwa "akili ya kawaida": yaani jumla ya mambo ambayo watu huyaona dhahiri, bila kukumbuka waliyapata wapi. Inafaa kukumbuka kwamba Gramsci alisoma isimu katika Chuo Kikuu cha Torino, chini ya Matteo Bartoli, na mafunzo hayo hayakumtoka. Alijua kwamba maneno huenea kutoka kwa wenye heshima hadi kwa wengine, na kwamba anayelipokea neno hupokea pia sehemu ya mtazamo wa aliyelitoa.

Dai letu ni hili: wazo la pembeni mara nyingi halifiki katikati kwa kushinda mjadala. Hufika kwa kupoteza tarehe yake. Linapokosa mwanzo, mtu aliyelianzisha na sababu iliyolizaa, huonekana kuwa ni hali ya dunia, kama vile mvua na kiangazi. Upotevu huo hutokea ndani ya lugha, na kwa sababu hiyo mwanaisimu ana la kusema juu yake. Mfano wetu ni neno "mchango" katika elimu ya Kongo ya mashariki, tukilinganisha na Tanzania na Kenya.

2. Kifungu kisichokuwapo

Kabla ya kufika shuleni, hatuna budi kugusa wazo lililotangulia na kulitengenezea njia. Kila Mkongomani anajua "Kifungu cha 15", ambacho maneno yake ni mafupi: jitafutieni wenyewe. Simulizi iliyoenea inakihusisha na dola ya Kasai Kusini, ambayo Albert Kalonji aliitangazia mamlaka yake mwezi Agosti 1960, wakati maelfu ya Waluba waliofukuzwa kwingineko walipomiminika huko bila makazi wala chakula. Inasemekana kwamba wenye mamlaka waliwaambia: mmefika kwenu, basi jitafutieni. Ikiwa simulizi hiyo ni ya kweli au ni ya kubuni, maana yake ni moja: agizo la siku ya dhiki liligeuzwa mzaha, na mzaha ukageuka kanuni ya maisha.

Mzaha huo ulisafiri mbali. Ulipita katika muziki wa Kinshasa, ambako Pepe Kalle aliuimba pamoja na msemo wa Kilingala wa kuvunja mawe, yaani kuhangaika ili kupata riziki. Ulipita pia katika hotuba. Mobutu mwenyewe, katika hotuba yake ya Mei 1976, aliwaambia watumishi wa umma kwamba mwenye kuiba basi aibe kidogo na kwa adabu. Na mwezi Novemba 1977, mbele ya mkutano mkuu wa chama chake, akalalamika kwamba katika nchi yake kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Hotuba ya kwanza ilitoa ruhusa. Ya pili ililaani matokeo ya ruhusa. Wananchi waliishika ya kwanza.

Kuna kejeli ambayo wanafunzi wetu wa sheria wanaifahamu kuliko sisi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inacho kifungu cha 15 cha kweli, nacho kinazitaka mamlaka za umma zihakikishe kwamba ukatili wa kijinsia unatokomezwa. Kifungu hicho wachache wanakijua. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na haina malipo. Hicho nacho kilikaa miaka 13 bila kutekelezwa. Kwa hiyo kifungu kisichoandikwa popote kilitawala maisha ya watu, na kifungu kilichoandikwa kikabaki karatasini. Hapo ndipo tunapoona tofauti baina ya sheria na akili ya kawaida.

3. Kuzaliwa kwa wazo la dharura

Tusiwadhulumu wale walioanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Zaire ilikuwa imepunguza sana matumizi yake ya elimu, kwa sababu ya ubadhirifu wa ndani na kwa sababu ya masharti ya marekebisho ya uchumi yaliyotoka nje. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa ya migomo mirefu, na mwaka wa masomo 1991-1992 ulipotea kabisa. Mji wa Kinshasa uliporwa na askari mwezi Septemba 1991, na tena mwezi Januari 1993. Mwezi Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya, ambayo moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Katika hali hiyo mshahara wa mwalimu haukuwa mdogo tu. Ulikuwa hauna maana.

Hapo ndipo Kanisa Katoliki, lenye shule nyingi miongoni mwa zile zinazoendeshwa kwa mkataba wa mwaka 1977 baina ya serikali na makanisa, lilipokubaliana na wawakilishi wa wazazi kwamba wazazi wamwongezee mwalimu kitu ili arudi darasani. Makanisa mengine na shule za serikali zikafuata. Kiasi hicho kiliitwa kwa Kifaransa "prime", na mitaani kikatamkwa primu. Kilikuwa ni daraja la miti juu ya mto uliofurika: lisingekuwapo, kizazi kizima kingebaki ng'ambo. Katika mji wa bandari na reli kama Kalemie, ambako mishahara ya wafanyakazi wa reli nayo ilikuwa ikilimbikizwa bila kulipwa, mlipaji na mlipwaji walikuwa katika shimo moja; hata hivyo shule zilifunguliwa. Mhakiki asiyeanza kwa kulikiri jambo hilo hatasikilizwa na mzazi yeyote, na kwa haki.

Swali letu basi si kwa nini daraja lilijengwa. Swali ni kwa nini maji yalipopungua hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa la muda. Mwezi Februari 2004 serikali na vyama vya wafanyakazi wa umma walitia sahihi mapatano ya Mbudi kuhusu ngazi za mishahara, lakini mapatano hayo hayakumtoa mzazi katika mzigo wake. Zaidi ya hayo, Kristof Titeca na Tom De Herdt, katika makala yao ya mwaka 2011, wameonyesha jinsi fedha ya wazazi ilivyopanda ngazi: sehemu ilibaki kwa mwalimu, sehemu ikaenda kwa mkuu wa shule, na nyingine ikafika katika ofisi za usimamizi za serikali na za makanisa. Kilichoanza kama msaada kwa mwalimu kilikuwa sasa kinalisha mfumo mzima. Wenye kufaidika walikuwa na sababu ya kutokumbusha tarehe.

4. Neno na minyambuliko yake

Sasa tulitazame neno. Pamoja na "primu", wasemaji wa Kiswahili hutumia "mchango". Nomino hiyo inatokana na kitenzi -changa, kwa maana ya watu wengi kutoa kila mmoja kidogo kwa ajili ya jambo la wote. Makazi yake ya asili ni msiba, harusi, ngalawa iliyovunjika, jengo la kanisa au la msikiti. Sifa zake ni tatu: mtoaji hutoa kwa hiari au kwa heshima yake, hutoa kwa kadiri ya uwezo, na jambo likiisha, mchango nao huisha. Hakuna anayechangia mazishi ya mtu mmoja kila mwezi kwa miaka thelathini.

Malipo ya shule hayakuwa na hata moja ya sifa hizo. Kiasi kilipangwa, hakikutegemea uwezo, hakikuwa na mwisho, na asiyetoa aliadhibiwa kupitia mtoto wake. Hata hivyo yaliingia katika nyumba ya neno lenye heshima, na heshima ya nyumba ikamfunika mgeni. Hii ndiyo hatua ya kwanza ya wazo la pembeni: kupanga chumba katika neno linalopendwa. Anayeupinga mchango huonekana kuwa amekataa kuzika jirani.

Hatua ya pili ni ya kisarufi, na hapa minyambuliko yetu hutoa ushahidi kuliko nadharia nyingi. Tukilinganisha -changa, -changia, -changisha na -changishwa, tutaona kwamba kilichotendeka shuleni ni hicho cha mwisho. Mzazi alichangishwa. Umbo hilo lina kauli ya kusababisha ndani yake, na kwa hiyo humfanya msikilizaji aulize: ni nani aliyechangisha? Lakini umbo lililoenea katika hotuba, katika mikutano ya wazazi na katika matangazo ni -changia, ambalo humweka mzazi kuwa mtenda na kumficha mwenye kumlazimisha. Kinyume chake, linapotajwa tendo la kumtoa mtoto darasani, mtenda hutoweka: mtoto "amefukuzwa". Na nani? Sentensi haisemi. Mzazi ni mtenda anapolipa, na hakuna mtenda anapoadhibiwa.

Hatua ya tatu ni ya njeo na hali. Katika Kiswahili sanifu mazoea huonyeshwa kwa hu-: wazazi hulipa. Katika Kiswahili cha Kalemie, kama katika Katanga nzima, mazoea huonyeshwa kwa kiambishi cha mwisho: tunalipaka. Maumbo yote mawili yana tabia moja, nayo ni kutokuwa na tarehe. "Tulianza kulipa mwaka 1993" ni habari, na habari huweza kuulizwa sababu. "Tunalipaka" ni desturi, na desturi haina cheti cha kuzaliwa. Kijana aliyeingia shule mwaka 1998 hakuwahi kuisikia sentensi ya kwanza. Alikulia ndani ya ya pili.

Hatua ya nne ni methali. Wazo likishapata methali limekwisha kupata kinga. "Mkono mtupu haulambwi" ilikuwapo kabla ya shule, na "mtegemea cha ndugu hufa maskini" vilevile. Hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya mshahara wa mwalimu. Lakini zote mbili zilikuwa tayari, na ziliitwa kazini. Methali ya kwanza ilimpa mwalimu haki ya kungoja mkono wenye kitu. Ya pili iliifanya serikali ionekane ndugu asiyetegemewa, ilhali serikali si ndugu bali ni mdaiwa. Methali zilikuwa za kweli kila moja mahali pake. Kosa lilikuwa katika kuzihamisha.

5. Majirani

Isidhaniwe kwamba haya ni maradhi ya Kongo peke yake. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na andiko la Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea la Machi mwaka huohuo, "kujitegemea" kulikuwa kwa taifa zima: nchi isiwe tegemezi kwa wageni, na shule isitenganishwe na jamii. Kwa Azimio la Musoma la 1974 serikali ilijiwekea lengo la kumpa kila mtoto elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Ada na michango ilirudi katika miaka ya 1980 na 1990, na neno lililoipokea ni "kuchangia gharama". Mtu aliyekuwa amelelewa kwa lugha ya kujitegemea hakuhitaji kubadili msamiati wake wote ili akubali. Ilitosha kwamba mwenye kujitegemea awe mzazi badala ya taifa. Mafundisho mawili yanayopingana yaliishi katika kitenzi kimoja. Kenya nayo, iliyokuwa na harambee kama mwito wa taifa tangu uhuru wa 1963, iliingia katika sera rasmi ya kugawana gharama mwaka 1988, na wazazi walikwisha kuzoea kutoa.

Nyuma ya mambo hayo yote palikuwa na mafundisho ya uchumi ambayo hapo mwanzo yalikuwa ya watu wachache. Friedrich Hayek na wenzake walipokutana Mont Pèlerin, Uswisi, mwaka 1947, walikuwa kikundi cha wanazuoni wasiosikilizwa sana katika zama zilizoamini mipango ya serikali. Milton Friedman alipoandika mwaka 1955 kwamba serikali isiendeshe shule bali iwape wazazi hati za kununulia elimu, ilionekana ni fikra ya ajabu. Kufikia mwaka 1986 Benki ya Dunia ilikuwa ikichapisha kitabu kuhusu namna ya kugharimia elimu katika nchi maskini, kikipendekeza kwamba watumiaji walipe zaidi. Mapendekezo yake yalilenga hasa elimu ya juu. Lakini lugha haiheshimu mipaka ya mapendekezo: neno likishakubaliwa chuoni, huteremka hadi darasa la kwanza.

6. Pingamizi na jibu

Msomaji anaweza kupinga hivi: yote haya ni mapambo, kwani lugha hufuata fedha. Serikali ilipokosa fedha wazazi walilipa. Serikali ikipata fedha wataacha, na maneno yatajirekebisha yenyewe. Pingamizi hili ni zito, nasi hatulidharau. Kama lingekuwa kweli kabisa, uhakiki wa neno "mchango" ungekuwa kazi ya starehe.

Lakini jaribio lenyewe limekwisha kufanyika. Mwezi Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza kifungu cha 43. Mwezi Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 800 kuusaidia mpango huo. Taasisi ileile iliyokuwa imependekeza malipo sasa iligharimia kuondolewa kwake. Sheria ilibadilika, na sehemu ya fedha ilikuja. Akili ya kawaida ilibaki palepale. Madarasa yalipofurika, na walimu wengi wasiomo katika orodha ya malipo, wale waitwao "nouvelles unités", walipobaki bila kitu, hukumu iliyosikika upesi haikuwa kwamba serikali imetekeleza nusu ya wajibu wake. Ilikuwa kwamba elimu ya bure haiwezekani.

Hapa neno lingine linastahili lawama. "Bure" katika Kiswahili lina maana mbili: pasipo malipo, na pasipo faida. Tunasema "kazi bure", "maneno ya bure", na hatumaanishi bei. Kwa hiyo "elimu ya bure" ilibeba hukumu yake ndani ya jina lake. Mzazi aliyekuwa na wasiwasi alikuta wasiwasi wake umekwisha kuandikwa katika neno. Nchini Tanzania ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na bado mwezi Januari 2018 Rais Magufuli alilazimika kupiga marufuku michango mashuleni. Ada ilifutwa kwa waraka. Mchango ukabaki kwa sababu haukuhesabiwa kuwa ni ada. Kama lugha ingekuwa inafuata fedha tu, marufuku hiyo ya pili isingehitajika.

Kuna pingamizi la pili, kutoka upande wa pili: kwamba makala haya nayo yanatetea akili ya kawaida nyingine, ile ya serikali kulipa kila kitu. Tunajibu kwamba ni kweli elimu bila malipo nayo iliwahi kuwa wazo la wachache, nayo ina tarehe zake: 1974 Musoma, 1997 Uganda, 2003 Kenya, 2019 Kongo. Hatuombi isamehewe kuhojiwa. Tunaomba mawazo yote mawili yafike mbele ya baraza yakiwa na vyeti vyao vya kuzaliwa, ili wananchi wachague wakijua wanachagua nini.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wazo la dharura la miaka ya 1992 na 1993 lilipata uraia katika fikra zetu kwa hatua nne: lilikaa katika neno lenye heshima, likamficha mtenda, likavaa umbo la mazoea, na hatimaye likapewa methali. Fedha na siasa zililizaa. Lugha ndiyo iliyolifanya lisionekane.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza linawahusu walimu na wanafunzi wa idara za Kiswahili, kwa kuwa chuo nacho kina michango yake na si kisiwa. Tasnifu nyingi hukusanya maneno. Chache huyatafutia tarehe. Kumbukumbu za mikutano ya wazazi, barua za wakuu wa shule na stakabadhi za malipo za miaka ya 1990 bado zimo katika makabati, na katika mji wetu maji ya ziwa yaliyopanda tangu mwaka 2020 yamekwisha kuonyesha kwamba karatasi hazingoji. Zikusanywe sasa, wakati waliokuwapo bado wako hai kuzieleza.

La pili linahusu istilahi. Badala ya "elimu ya bure", tuseme "elimu inayolipiwa na kodi". Ni refu zaidi, lakini lina mtenda ndani yake. Mama anayeuza dagaa katika soko la Kalemie hutoa ushuru wa meza yake kila siku ya soko. Akiambiwa kwamba mwanawe anasoma bure, ataona amepewa hisani, na hisani haidaiwi. Akiambiwa kwamba anasoma kwa kodi, atauliza fedha yake imekwenda wapi ikiwa mwalimu hajalipwa. Swali hilo ndilo ambalo neno "mchango" limemzuia kuliuliza kwa zaidi ya miaka thelathini.